Nimeacha maziwa siku nne na tumbo bado linaunguruma. Ina maana si maziwa?

*Swali:* "Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 33, mzaliwa wa Newala, sasa naishi Mtwara mjini mwaka wa pili. Nyumbani tulikuwa tunakunywa chai ya rangi, maziwa yalikuwa ya mgonjwa au mgeni. Tangu nihamie huku nakunywa vikombe viwili vya chai nzito ya maziwa kila asubuhi kazini, mara nyingi bila kitafunwa. Kama mwaka mmoja sasa tumbo linajaa gesi, linaunguruma mpaka wenzangu wanasikia, na siku nyingine naharisha mara mbili tatu kabla ya saa sita. Zahanati moja waliniambia ni vidonda vya tumbo. Wakanipa dawa za wiki mbili na kuniambia ninywe glasi ya maziwa freshi asubuhi na jioni. Hali ikazidi. Jirani anasema ni aleji ya maziwa, niyachemshe sana au nitumie ya mbuzi. Nikaacha maziwa siku nne, nikapata nafuu. Siku ya nne nikala wali na mbaazi, jioni chai ya rangi na biskuti, tumbo likarudi vilevile. Ina maana si maziwa? Halafu namnyonyesha mwanangu wa miezi 8. Mwezi uliopita aliharisha siku tatu, na mama mkwe anasema maziwa yangu ndiyo yanayomdhuru, nimwachishe. Nifanyeje nijue ukweli nikiwa nyumbani?"

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako limebeba maswali matatu: kama shida ni maziwa, kama ile nafuu ya siku nne ina maana yoyote, na kama mtoto anaumia kwa sababu yako. Naanza na mtoto, kwa sababu la kwako linaweza kusubiri wiki tatu na lake haliwezi.

Usimwachishe. Maziwa ya mama yana sukari ya maziwa, iitwayo laktosi, tena nyingi kuliko ya ng'ombe: karibu gramu 7 katika kila mililita 100, wakati ya ng'ombe yana kama gramu 5. Mtoto anazaliwa na uwezo wa kuimeng'enya sukari hiyo, na watoto wanaozaliwa bila uwezo huo ni wachache mno duniani. Laktosi inatengenezwa ndani ya titi lenyewe, kwa hiyo ukinywa maziwa ya ng'ombe haiongezeki na ukiacha haipungui. Tumbo lako na titi lako ni habari mbili tofauti. Mtoto wa miezi 8 anatambaa na anatia kila kitu mdomoni, na akiharisha siku tatu sababu mara nyingi ni maambukizi. Kinachomsaidia ni kunyonya zaidi ya kawaida, maji ya ORS, na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, ambayo mhudumu wa afya atakupa.

Ikitokea tena na ukaona macho yamedidimia, mtoto amelegea, hawezi kunyonya, anatapika kila anachopewa au kuna damu kwenye choo, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri kukuche. Na kama kuharisha kunarudi mara kwa mara pamoja na kamasi, damu au ukurutu usoni, mpeleke aonwe, kwa sababu wapo watoto wachache wenye mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe inayopita kidogo kwenye maziwa ya mama. Hata hao kwa kawaida hawaachishwi. Mama ndiye anayerekebisha chakula chake kwa maelekezo ya daktari. Mweleze mama mkwe hayo taratibu. Kizazi chake kilizika watoto wengi kwa kuhara, hofu yake haikutoka hewani.

Sasa tuje kwako, na kwanza tuondoe hilo la vidonda na glasi ya maziwa. Ushauri huo ni wa siku nyingi, na hata madaktari waliutoa kwa miaka mingi. Maziwa yakifika tumboni hupunguza makali ya asidi kwa muda mfupi, na mgonjwa anahisi ametulia. Baadaye protini na kalsiamu iliyomo hulichochea tumbo kutoa asidi zaidi. Kwa hiyo hata mwenye vidonda kweli hapati tiba kwenye maziwa. Halafu, vidonda vya tumbo huuma juu, kwenye chembe ya moyo, na wengi hueleza maumivu ya kuchoma au kutafuna. Wewe unaeleza gesi, muungurumo na kuharisha asubuhi baada ya chai. Hayo ni mambo ya utumbo, chini zaidi.

Sisemi huna vidonda, maana sijakupima. Ila tazama kilichotokea katika zile wiki mbili. Dawa za vidonda mara nyingi huwa na antibayotiki ndani yake, na antibayotiki peke yake huharisha watu wengi. Wakati huohuo ukaongezewa glasi mbili za maziwa juu ya chai yako. Hali kuzidi hapo si ajabu hata kidogo, na haithibitishi kwamba ugonjwa umekua. Ukitaka kujua kama una bakteria wa vidonda, omba kipimo cha choo, lakini zipite angalau wiki 4 tangu umalize antibayotiki na wiki 2 tangu uache omeprazo, ile dawa ya kupunguza asidi, la sivyo jibu linaweza kusema huna wakati unao.

Maziwa yanawezaje kumletea mtu mzima vurugu tumboni? Laktosi ni sukari mbili zilizoshikana, glukosi na galaktosi. Ukuta wa utumbo mwembamba haupitishi zikiwa zimeshikana, ni lazima zitenganishwe kwanza. Kazi hiyo inafanywa na kimeng'enya kiitwacho laktasi, kilichoko juu kabisa ya ule utando wa ndani wa utumbo. Laktasi ikiwa ya kutosha, sukari inakatwa, inaingia kwenye damu na hakuna kinachosikika. Ikiwa kidogo, laktosi inayobaki inaendelea na safari ikiwa nzima, na popote inapopita inavuta maji. Ndiyo maana choo kinakuwa chepesi. Ikifika utumbo mpana inawakuta bakteria, na kwao hiyo ni karamu. Wanaichachusha kama tembo la mnazi linavyochachuka kwenye kibuyu, na wanatoa haidrojeni, kaboni dayoksaidi na asidi. Gesi inalijaza tumbo, maji na gesi vinasukumana, na huo ndio muungurumo wanaousikia wenzako. Kwa wengi huanza kati ya nusu saa na saa mbili baada ya kunywa, kwa wengine huchelewa zaidi. Choo chenye povu na harufu ya uchachu kinaendana na hali hii.

Hili kwa mtu mzima si ugonjwa, na ningependa ulishike hilo hata ukisahau mengine. Karibu wanyama wote wanaonyonyesha huzaliwa na laktasi nyingi, na wakishaachishwa mwili hupunguza kuitengeneza. Binadamu naye ndivyo alivyo: karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani wana laktasi kidogo. Walio tofauti ni wale ambao mababu zao waliishi kwa maziwa kwa vizazi na vizazi. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha matokeo ya kuwapima Watanzania, Wakenya na Wasudani 470. Walikuta kwamba miongoni mwa jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki kuna badiliko la kinasaba linaloiacha laktasi iendelee kutengenezwa ukubwani, na badiliko hilo halifanani na lile la watu wa Ulaya. Lilizuka hukuhuku, katika miaka elfu chache iliyopita.

Kusini kwetu hakukuwa nchi ya ng'ombe. Ndorobo, wale inzi wanaoambukiza ng'ombe ugonjwa wa kuua, walitawala mapori, na mtu wa Newala, Nachingwea au Liwale aliishi kwa muhogo, mtama, mbaazi, nazi na samaki. Makundi makubwa ya ng'ombe yameonekana Lindi hasa tangu wafugaji walipohamishwa kutoka Usangu na Ihefu mnamo 2006 na 2007. Kwa hiyo Mmakonde, Mmwera au Mmakua akiishiwa laktasi ukubwani, mwili wake unafanya ulichozoea kufanya. Lakini kabila halimpimi mtu mmoja mmoja. Nimewaona Wamakonde wanaokunywa nusu lita bila shida yoyote, na watu wa jamii za wafugaji ambao glasi moja inawatosha kushinda chooni.

Huenda unajiuliza kwa nini hukusumbuka ulipokuwa Newala. Jibu liko kwenye kiasi. Watu wengi wenye laktasi kidogo huvumilia karibu gramu 12 za laktosi kwa mkupuo, yaani kikombe kimoja cha mililita 250, na huvumilia vizuri zaidi wakinywa pamoja na chakula. Wewe unakunywa vikombe viwili vizito tumbo likiwa tupu. Na chai ya mgahawani huijui ina nini. Husimama wakati mwingine asubuhi nikatazama inavyopikwa: maji yamechemka na majani na tangawizi, mama anachota maziwa ya unga kwa kijiko cha chakula, kijiko kimejaa kilima, anakoroga, anaangalia rangi, anaongeza kingine. Vijiko viwili vya namna hiyo vinaweza kubeba gramu 6 za laktosi au zaidi. Leo amechota viwili, kesho vinne. Ndiyo maana siku nyingine unaharisha na nyingine unapona, na wewe unadhani umelogwa na mboga ya jana.

Kuhusu ya jirani, niseme kwa kifupi. Kuchemsha kunaua vijidudu, na ni lazima uchemshe, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kukupa brusela au kifua kikuu. Lakini moto wa jikoni hauiondoi laktosi. Kuondoa utando wa juu kunaondoa mafuta tu. Maziwa ya mbuzi yana laktosi karibu sawa na ya ng'ombe, pungufu kidogo sana. Na aleji, au mzio, ni kitu kingine kabisa. Hapo kinga ya mwili inaishambulia protini ya maziwa, na mtu hutokwa na vipele vinavyowasha, midomo au macho huvimba, pumzi hukaza. Kama umewahi kupata hata moja ya hayo baada ya maziwa, usifanye jaribio nitakalolieleza hapa chini, maana mzio unaweza kuua. Kutovumilia laktosi kunakera na kuaibisha, hakuui.

Zile siku zako nne. Laktosi haikai mwilini, ikitoka leo keshokutwa imekwisha, kwa hiyo nafuu uliyoipata inaweza kuwa ya kweli. Kosa liko kwenye siku ya nne. Mbaazi zina sukari zake ambazo binadamu yeyote, hata Mmasai, hana kimeng'enya cha kuzikata. Bakteria walewale wanazichachusha na gesi inakuja. Biskuti nazo mara nyingi hutiwa maziwa ya unga, ingawa kwa biskuti chache kiasi ni kidogo. Kwa hiyo tumbo lilikuwa na sababu nyingine ya kuunguruma, na wewe ukayapa maziwa hukumu ya kuachiwa huru. Siku nne pia ni chache, kwa sababu tumbo la kila mtu lina siku nzuri na mbaya. Na kikubwa zaidi, hukuyarudisha maziwa kwa utaratibu. Kuacha ni nusu tu ya kipimo. Mtu akiacha maziwa mara nyingi huacha na chapati iliyoambatana nayo, na sukari, na ile haraka ya asubuhi, akapona, asijue kilichomponya. Maziwa yakirudi peke yake na dalili zikarudi nayo, hapo ndipo tunakuwa na ushahidi.

Chagua wakati. Usifanye kipimo hiki ndani ya Ramadhani, maana saa za kula zinageuka na futari ina mambo mengi, tambi za maziwa zikiwemo. Usifanye ukiwa kwenye antibayotiki wala katika wiki 4 za baada yake. Kama msimu wa maembe na mabibo umepamba moto na nyumbani mnakula ndoo nzima, subiri upungue, kwa sababu matunda hayo yakizidi huharisha yenyewe. Tafuta daftari la shule la kawaida. Kwa siku tatu za mwanzo usibadilishe chochote: kunywa chai yako kama kawaida, uandike saa, ulichokula au kunywa, na tumbo lilivyojibu. Gesi ipe alama kuanzia 0 hadi 3, na choo andika mara ngapi na kilikuwaje. Andika pia siku za hedhi, kwani wanawake wengi tumbo lao hubadilika siku hizo.

Kisha siku 14 bila maziwa. Yanaondoka maziwa freshi, ya unga, ya pakiti, ya kopo yale matamu mazito, mtindi, aiskrimu na chokoleti ya maziwa. Skonzi, keki na maandazi, muulize anayekaanga: kama ametia tui la nazi, kula, kama ametia maziwa, acha kwa hizo wiki mbili. Samli haina laktosi ya kukusumbua, na siagi vivyo hivyo ikiwa ni ya kupaka tu. Kwenye pakiti za dukani maandishi mengi ni ya Kiingereza, kwa hiyo tafuta maneno milk, whey na lactose. Ukikuta lactic acid au cocoa butter usihangaike, hayo si maziwa. Na tui la nazi, ingawa ni jeupe kama maziwa, halina laktosi hata chembe. Nimeshakutana na mama aliyeacha wali wa nazi na mchuzi wa samaki wa tui kwa mwezi mzima kwa kudhani ni jamii moja, akakonda bure.

Mengine yote yabaki kama yalivyokuwa. Mbaazi, kunde na choroko kula kwa kiasi chako cha siku zote, usiongeze wala usiache. Nasisitiza korosho pia: watu wakiacha maziwa hukimbilia maziwa ya korosho, na huku kwetu korosho zilizovunjika zinapatikana kwa bei ya kuvutia. Zina sukari za kuleta gesi kama zilizomo kwenye jamii ya kunde. Ukiziongeza ghafla katika siku hizi 14 utaharibu kipimo chako mwenyewe. Kunywa chai ya rangi, sukari ileile, tangawizi ileile, saa ileile. Na kama una dawa unazomeza kila siku, za presha, za kifua kikuu, za kufubaza virusi, endelea nazo. Vidonge vingine hutengenezwa kwa kuchanganywa na laktosi, lakini ni kidogo sana, haifai kuacha tiba kwa ajili hiyo.

Siku ya 15 unaanza kurudisha. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ioshe, ijaze maji, umimine kwenye kikombe chako hadi ibaki nusu. Hizo ni mililita 250, na hapo umeshajua kikombe chako kinabeba kiasi gani. Asubuhi kabla ya kula, kunywa nusu ya kipimo hicho, yaani mililita 125 za maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa na kupoa, matupu, bila majani wala sukari. Hapo una kama gramu 6 za laktosi. Kaa saa mbili hadi tatu ndipo ule, na uandike mpaka jioni. Kesho yake pumzika, usinywe. Siku ya tatu kunywa mililita 250. Pumzika tena. Siku ya tano, kama hujasumbuka bado, kunywa nusu lita nzima, siku ambayo huendi kazini. Ukisumbuka katika hatua yoyote, simama hapo, acha siku tatu nne tumbo litulie, kisha rudia kiasi hichohicho mara moja. Nasema urudie kwa sababu: anayetarajia kuumwa na tumbo mara nyingi linamuuma. Jibu likiwa lilelile mara mbili, lina uzito.

Ukilifungua daftari utaona moja ya mambo matatu. Inawezekana siku 14 zilikuwa shwari na maziwa yakarudisha yaleyale ya mwanzo. Basi ni laktosi, na kiasi kilichokusumbua ndicho mpaka wako. Inawezekana wiki mbili zilipita na tumbo halikubadilika kitu. Hapo maziwa hayana kesi, na kuyaacha kwa miezi mingi zaidi hakutakusaidia. Sababu itafutwe kwingine. La tatu linachanganya: ulipona ulipoacha, lakini nusu lita imeingia na hakuna kilichotokea. Hilo nimeliona mara nyingi kwa watu waliokuwa wanakunywa chai ya mgahawani na chapati ya mafuta. Wakiwa na daftari mbele yao wanagundua kuwa kinachowasumbua ni mafuta, au ni kula kwa pupa huku kengele ya kazi inalia. Kuna pia kipimo cha pumzi, mtu hunywa laktosi kisha haidrojeni hupimwa kwenye pumzi yake kwa saa kadhaa. Si kipimo utakachokikuta kila hospitali, na kwa mtu mzima asiye na dalili za hatari, jaribio hili la nyumbani likifanywa kwa umakini linatosha kuamulia chakula.

Tuchukulie jibu ni laktosi. Wengi hapo huapa kutogusa maziwa maisha yao yote. Sioni sababu. Kama nusu kikombe hakikusumbui, nusu kikombe ni chako, kinywe pamoja na chakula. Jaribu mtindi peke yake, kikombe kimoja: bakteria waliougandisha wamekwisha kula sehemu ya laktosi, na wanaingia tumboni na vimeng'enya vyao vinavyoendelea na kazi. Watu wengi wanaoshindwa maziwa freshi huuweza. Chai weka tui jepesi, au rudi kwenye chai ya rangi uliyokua nayo. Na ukinywa maziwa kidogo kidogo kila siku kwa wiki kadhaa, bakteria wa utumbo mpana huzoea na gesi hupungua. Vipo vidonge vya laktasi vya kumeza kabla ya maziwa, vinasaidia, ila si rahisi kuvipata na bei yake inauma. Kwangu mimi hiyo pesa inunue samaki.

Unanyonyesha, kwa hiyo kalsiamu usiipuuze. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku. Dagaa wakavu unaowala wazima na mifupa yao ndio mkombozi wa pwani hii. Ongeza ufuta uliotwangwa kwenye mboga, matembele, na majani ya mlonge.

Kuna mazingira ambayo sitaki ufanye kipimo chochote cha nyumbani kabla ya kuonwa. Choo chenye damu au cheusi kama lami. Kupungua uzito bila kutaka. Homa. Kuharisha kunakokuamsha usiku wa manane, kwa sababu laktosi haimwamshi mtu ambaye hakunywa maziwa jioni. Kutapika kusikokoma, upungufu wa damu, au tumbo kubadilika ghafla kwa mtu aliyevuka miaka 50. Pia ningependa kila mtu wa kwetu mwenye tumbo la muda mrefu apimwe choo, kwa sababu giardia, kimelea kidogo cha utumboni, na minyoo bado tunao. Giardia hasa huukwangua ule utando wenye laktasi, mtu akashindwa maziwa kwa muda, akitibiwa uwezo ukarudi. Kipimo kimoja kikitoka safi na dalili zipo, omba kirudiwe siku nyingine, kwa maana mdudu huyo haonekani kila siku.

Ukiwa Mtwara mjini nenda hospitali ya Ligula. Dada zako walioko Masasi wana Ndanda, na wa Lindi wana Sokoine na Nyangao. Beba daftari lako na makasha ya dawa zote ulizopewa kule zahanati, hata yaliyo matupu. Mwambie daktari atakayekupokea ni siku gani ulimaliza antibayotiki, ndipo apange vipimo vya kuanza navyo.